Kabla ya Kulipa Kodi ya Miezi Sita: Mwongozo kwa Mpangaji wa Nyumba

Katika mji wa Sengerema, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, ni kawaida mwenye nyumba kudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kabla mpangaji hajaingiza godoro lake. Kwa familia nyingi hilo ni fungu kubwa la fedha kutoka mkononi kwa siku moja: akiba ya mshahara, mauzo ya pamba au mpunga, mapato ya msimu wa dagaa, au mchango wa ndugu. Hata hivyo, fedha hiyo mara nyingi hutolewa kwa maneno matupu, mlangoni, mbele ya dalali anayeharakisha mambo kwa kusema kwamba kuna mteja mwingine anakuja jioni.

Mlaji anayenunua redio huondoka dukani na redio yake pamoja na stakabadhi. Mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita huondoka na ufunguo tu. Miezi aliyoilipia bado haijafika. Kwa hakika amemkopesha mwenye nyumba, na atalipwa mkopo huo mwezi baada ya mwezi kwa kukaa ndani ya nyumba kwa amani. Hakuna mtu mwenye busara anayekopesha fedha nyingi bila kujua anamkopesha nani na bila kuandika. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja.

SHERIA INAKULINDA WAPI

Zamani kodi za nyumba zilidhibitiwa na sheria maalumu ya mwaka 1984. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji wa nyumba Tanzania Bara umekuwa ukiongozwa hasa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sheria ya Mikataba, na yale ambayo mwenye nyumba na mpangaji wamekubaliana wenyewe. Maana yake ni kwamba kiwango cha kodi, idadi ya miezi ya kulipa mapema na sababu za kupandisha kodi ni mambo ya makubaliano. Ndiyo sababu mkataba una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mkataba wa pango wa muda usiozidi mwaka mmoja unaweza kufanywa kwa maandishi au kwa mdomo. Kwa hiyo mpangaji asiye na karatasi bado ni mpangaji, na haki zake hazikufa. Shida yake ni kuzithibitisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Yapo pia masharti ambayo Sheria ya Ardhi huyaingiza katika mkataba hata kama hayakuandikwa. Mwenye nyumba anapaswa kumwacha mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti akae bila kubughudhiwa. Nyumba ya kuishi inapaswa kufaa kwa makazi ya binadamu tangu mwanzo, na iendelee kufaa. Pale ambapo mtu amepanga sehemu tu ya jengo, kwa mfano vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja ni wajibu wa mwenye nyumba kuvitengeneza. Nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko bila uzembe wa mpangaji hata isiweze kukalika, wajibu wa kulipa kodi husimama mpaka ifae tena. Kwa upande wake mpangaji anapaswa kulipa kodi kwa wakati, kuitunza nyumba, kutompangisha mtu mwingine bila ridhaa, na kuirudisha nyumba katika hali aliyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida.

JUA UNAMPA NANI FEDHA YAKO

Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, limeondoa ulazima wa kungoja kivuko. Mtu wa Mwanza anaweza sasa kuvuka ghuba asubuhi, akatazama nyumba Nyampulukano au Mwabaluhi, na kurudi kwake mchana. Lakini wepesi wa kufika si wepesi wa kufahamiana. Mgeni hajui kwamba nyumba anayoonyeshwa ni ya urithi, wala kwamba kijana aliyeshika funguo ni mpangaji aliyebakiza wiki moja kuhama.

Tuchukue mfano. Muuguzi amehamishiwa Sengerema, anapata nyumba kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, analipa shilingi 360,000 za miezi sita kwa mtoto wa kiume wa marehemu mwenye nyumba. Mwezi wa tatu anatokea dada mkubwa wa kijana yule akiwa na barua ya mahakama inayomtaja yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Dada hajapokea senti, hajui lolote kuhusu mapatano yale, na anataka nyumba. Huenda wote wawili, muuguzi na dada, ni watu waaminifu. Fedha ndiyo iliyokwenda mahali pasipostahili.

Ili kuepuka hali hiyo, uliza maswali haya kabla ya kutoa chochote:

Je, anayepangisha ndiye mwenye nyumba? Omba kuona hati, barua ya toleo, au hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na viongozi wa eneo. Huhitaji kubaki nayo; inatosha kuliona jina na kulilinganisha na kitambulisho chake.

Kama mwenye nyumba amefariki, ni nani msimamizi wa mirathi? Msimamizi huteuliwa na mahakama na ndiye mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu. Mtoto, mjane au kaka hana mamlaka hayo kwa sababu ya undugu peke yake.

Kama mwenye nyumba yuko mbali, ni nani aliyempa mwakilishi wake ruhusa? Omba barua ya uwakilishi, kisha mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyoipata kwa majirani au kwa mwenyekiti, si ile uliyopewa na dalali.

Kama nyumba ni makazi ya wanandoa, je, mwenzi mwingine ameridhia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Saini ya wote wawili huzuia ugomvi wa kesho.

Pita kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ujitambulishe. Ni desturi njema, na katika dakika chache za salamu utajua kama nyumba ina kesi, kama inauzwa, na kama wapangaji waliotangulia waliondoka kwa heri. Zungumza pia na jirani mmoja au wawili.

Kuhusu dalali, fahamu kwamba yeye si mwenye nyumba. Kwa desturi hulipwa fedha inayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Mpe ujira wake baada ya mkataba kusainiwa na ufunguo kukabidhiwa, na usimpe kodi yenyewe.

KAGUA NYUMBA KWA MACHO YA MWENYE KUISHI

Usikubali kukagua nyumba usiku. Nenda mchana, na ikiwezekana rudi mara ya pili baada ya mvua. Nyumba inayoonekana kavu mwezi wa Julai inaweza kuvuja masika. Tazama dari na sehemu za juu za kuta: madoa ya rangi ya chai ni alama ya maji yaliyopita. Jaribu kila kitasa, kila swichi na kila bomba. Uliza choo kinatumiwa na familia ngapi, shimo lake limejaa kiasi gani, na nani hulipia kulinyonya. Tazama kama madirisha yana nyavu za mbu, kwa kuwa malaria bado ni ugonjwa wa kawaida katika ukanda wa ziwa.

Anayepanga karibu na maji, kwa mfano katika mialo ya wavuvi kama Chifunfu, ana jambo jingine la kupima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuamriwa kuondolewa, na anayeishi humo ndiye atakayeanza kutoa vyombo nje. Aidha, mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana na kuingia katika makazi ya kando yake. Waulize wenyeji maji yalifika wapi mwaka ule, hawajasahau.

Baada ya ukaguzi, orodhesha kasoro zote na upige picha kwa simu. Kioo kilichopasuka kabla hujaingia kitakuwa mzigo wako siku ya kutoka kama hakuna aliyeandika kwamba ulikikuta hivyo.

UMEME, MAJI NA KODI YA JENGO

Kodi ya pango si gharama pekee ya nyumba. Uliza mapema kama mita ya umeme ni yako peke yako au ya pamoja, kwa sababu tofauti yake ni fedha. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yaani wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Familia moja yenye taa, redio na chaji ya simu huweza kubaki katika kundi la kwanza bila shida. Familia tano zikitumia mita moja, jumla ya matumizi yao huvuka uniti 75 kwa urahisi, na wote hulipa bei ya juu ingawa kila mmoja ametumia kidogo.

Kama mita ni ya pamoja, kubalianeni kwa maandishi namna ya kuchangia. Kugawa sawa kwa idadi ya vyumba kunamwonea mwenye taa mbili na kumpendelea mwenye friji na pasi. Njia ya haki zaidi ni kila chumba kufungiwa mita ndogo ya kupimia na fundi umeme mwenye sifa, kisha kila mmoja alipe uniti alizotumia. Pasipo mita hizo, angalau wenye vyombo vinavyokula umeme mwingi wachangie zaidi. Kuhusu maji, uliza deni la ankara limefikia wapi na upige picha usomaji wa mita siku ya kuingia, ili usilipie maji aliyotumia mtu aliyekwisha hama.

Jambo la tatu ni kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hii hukusanywa kwa kukatwa wakati wa kununua umeme wa LUKU. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/2024, nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na shilingi 18,000 kwa mwaka. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini jengo si lake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, kodi na ushuru wa mali iliyopangishwa ni wajibu wa mwenye mali, isipokuwa kama mkataba umesema vinginevyo. Kwa hiyo andikeni kwamba makato hayo yatapunguzwa katika kodi ya pango. Katika miezi sita ni shilingi 9,000, nazo si haba. Tunza ujumbe wa kila ununuzi wa LUKU, kwa kuwa huonyesha kiasi kilichokatwa.

MKATABA NA STAKABADHI

Mkataba mzuri hauhitaji maneno magumu. Kurasa mbili za Kiswahili chepesi zinatosha, zikiwa na mambo haya:

1. Majina kamili ya pande mbili, namba za vitambulisho na za simu.
2. Nyumba ilipo, na ni vyumba vipi hasa vinavyopangishwa, pamoja na choo, jiko, stoo na uwanja.
3. Tarehe ya kuanza na ya kumalizika.
4. Kodi kwa mwezi, kiasi kilicholipwa, na miezi ambayo malipo hayo yamegharimia.
5. Kwamba kodi haitapanda kabla ya muda kwisha.
6. Nani atatengeneza nini. Ikiwa mpangaji atatengeneza kwa fedha yake kisha akate kwenye kodi, itajwe kwamba atapata kwanza ridhaa ya mwenye nyumba na atatunza stakabadhi za vifaa na za fundi.
7. Mpango wa umeme, maji, taka, choo na kodi ya jengo.
8. Kiasi cha dhamana, kama ipo, sababu zinazoruhusu ikatwe, na siku itakaporudishwa.
9. Muda wa taarifa kwa upande unaotaka kuvunja mkataba, na kwamba kodi ya miezi isiyokaliwa itarudishwa.
10. Kwamba nyumba ikiuzwa, mnunuzi ataheshimu muda uliokwisha kulipiwa.

Kila upande usaini kila ukurasa mbele ya shahidi wake, na kila upande ubaki na nakala. Mkataba wa pango hupaswa kulipiwa ushuru wa stempu. Usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Kubalianeni nani atakayeulipia.

Malipo nayo yaandikwe. Kama mwenye nyumba hana kitabu cha stakabadhi, maneno haya kwenye karatasi ya kawaida yanafaa: “Mimi (jina) nimepokea kutoka kwa (jina) shilingi (kwa tarakimu na kwa maneno), ikiwa ni kodi ya nyumba iliyopo (mahali), ya miezi kuanzia tarehe (…) hadi tarehe (…).” Chini yake ziwepo tarehe, saini ya mpokeaji na saini ya shahidi. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ni la mwenye nyumba, na usifute ujumbe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokewa kuwa ushahidi.

Wapo wanaoona haya kudai karatasi kwa mzee aliyewapokea vizuri. Haya hiyo haina msingi. Mwambie kwa heshima: “Mzee, tuandikiane ili hata tusipokuwepo sisi, watoto wetu wasigombane.” Mwenye nyumba mwaminifu hulindwa na karatasi hiyo sawa na mpangaji.

UKITAKIWA KUHAMA

Mkataba wenye muda maalumu hudumu mpaka muda huo uishe, iwapo kila upande unatimiza masharti. Pale ambapo muda haukutajwa wala taarifa haikupangwa, Sheria ya Ardhi huuchukulia mkataba kuwa wa vipindi, na kipindi ni kile ambacho kodi hulipwa. Taarifa ya kuuvunja haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi kimoja. Anayelipa mwezi kwa mwezi, basi, anastahili taarifa ya angalau mwezi mzima. Naye akitaka kuondoka anapaswa kutoa taarifa kama hiyo.

Kufunga mlango kwa kufuli jipya, kung’oa mabati, kukata umeme au kutupa vyombo nje si njia za halali za kumwondoa mpangaji, hata kama anadaiwa. Njia ya haki ni taarifa ya maandishi, kisha shauri mbele ya chombo cha sheria. Hayo yakikupata, usijibu kwa nguvu. Piga picha, tafuta mashahidi, toa habari kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Na ikiwa umetishwa, umepigwa au mali yako imeharibiwa, nenda polisi.

Mgogoro wenyewe upeleke kwanza kwa mwenyekiti, kwa mazungumzo. Likishindikana, liende Baraza la Ardhi la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa kuwapatanisha hutoa cheti cha kushindwa, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea hata bila cheti. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ofisi ya mtendaji wa kata itakueleza ni baraza lipi linalohudumia eneo lako na vikao vyake hufanyika wapi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliopo.

Katika kila hatua utaulizwa swali lile lile: una nini mkononi? Mwenye mkataba, stakabadhi, picha za siku ya kuingia na ujumbe wa LUKU ana majibu. Viweke vyote katika bahasha moja, mahali pakavu, na nakala yake uiache kwa ndugu asiyeishi nawe. Siku ya kuhama, fanyeni ukaguzi wa mwisho pamoja na mwenye nyumba, rudisha funguo mbele ya shahidi, naye aandike kwamba hakudai na kwamba dhamana ameirudisha. Hapo ndipo mkopo ule ulioutoa siku ya kwanza unapokuwa umelipwa wote.